Tanga Kubwa Halitatufikisha Rumonge

Uliza Bujumbura mashua ya mlingoti mmoja ifungwe tanga la mbele la ukubwa gani, na jibu utapewa kabla hujamaliza swali: jenoa, tena kubwa kabisa, asilimia 150, na fedha ikiruhusu 155. Sababu zake zimeshakaririwa na kila anayeshika usukani. Ziwa letu lina upepo mdogo. Tuko juu, hewa ni nyepesi. Mafuta ya injini ni ya kubahatisha. Na tanga likizidi, si kuna mtambo wa kulikunja kwenye waya wa mbele? Unavuta kamba kidogo, basi, umepunguza.

Mkataa wengi ni mchawi, husemwa. Basi na niwe mchawi. Kwa mashua ya kawaida ya Bujumbura, ile ya mita saba au nane inayobeba familia Jumamosi na kushindana Jumapili, jenoa ya asilimia 150 ni chaguo baya. Zile sababu nne zinazotajwa kuitetea ama si kweli, ama ni kweli lakini zinatetea kitu kingine kabisa.

Tuelewane kwanza tunapima nini, maana nimesikia watu wakigombania asilimia bila kujua ni asilimia ya nini. Chukua urefu wa sitaha kutoka mguu wa mlingoti hadi mahali waya wa mbele unapofungwa omoni. Kisha litandaze tanga chini, upime kutoka ile kona inayofungwa kamba ya demani, kwa njia fupi kabisa, hadi ukingo unaopanda na waya. Vipimo viwili vikilingana, tanga ni la asilimia 100. Linajaza pembetatu iliyo mbele ya mlingoti, wala halivuki. Waliojifunza kwa Wabelgiji na Wafaransa huliita foki. Likifika 150, limeuvuka mlingoti kwa nusu ya upana wa pembetatu ile na kulala ubavuni mwa tanga kuu. Mashua ambayo pembetatu yake ina msingi wa mita tatu na waya wa mita tisa na ushei itapata foki ya mita za mraba 14 hivi kwa asilimia 100, tanga la mita 15 kwa asilimia 110, na jenoa ya karibu mita 21 kwa asilimia 150. Tarakimu hizi tutazihitaji mbele.

Sasa, hii jenoa imetoka wapi? Haikuzaliwa kwa sababu mtu fulani aliuelewa upepo kuliko wenzake. Ilizaliwa kwenye tundu la kanuni. Mswedi Sven Salén ndiye anayetajwa kuwa aliileta mashindanoni katikati ya miaka ya 1920, huko Genoa, Italia, kwenye mashua za daraja la mita sita. Kanuni za daraja lile zilihesabu pembetatu ya mbele, hazikuhesabu kitambaa kilichoivuka. Kila kipande kilichopita mlingoti kilikuwa bure, na mshindani gani atakataa cha bure? Miaka ya 1970 ikaja kanuni ya kimataifa iliyojulikana kama IOR, ikalipanua tundu lile lile: unaruhusiwa kuvuka hadi asilimia 150 bila kutozwa, ilhali ukubwa wa tanga kuu unakugharimu. Wachora mashua wakafanya ambacho mimi na wewe tungefanya. Wakapunguza tanga kuu, wakaongeza jenoa. Mashua za namna hiyo zikauzwa kwa maelfu Ulaya, walimu wakafundishia humo, vitabu vikaandikwa juu yake, na mafundisho yakatufikia huku yakiwa yamevaa joho la elimu. IOR ilikufa katika miaka ya 1990. Mashua nyingi zinazochorwa leo, za safari na za mbio, zina tanga kuu kubwa na tanga la mbele linaloishia mlingotini au kuuvuka kidogo tu. Wenye kanuni wamekwisha kuizika. Sisi tusiowahi kuwa raia wake bado tunailipia kodi.

Hapa nikiri jambo moja kwa haki. Mwenye mashua halisi ya enzi ile, yenye tanga kuu jembamba na waya wa mbele unaopanda hadi ncha ya mlingoti, hawezi kuishi kwa foki ya asilimia 100 peke yake. Mashua yake ilichorwa ivutwe na tanga la mbele. Kwake nitapandisha hadi 125. Sitapandisha zaidi, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na hoja ya kwanza, ya upepo mdogo. Wanaosema Ziwa Tanganyika halina upepo wanasema kweli ya saa nne asubuhi. Usiku baridi hushuka kutoka milima iliyo nyuma ya mji, ule mgongo wa Kongo na Nili unaopanda kupita mita 2,000, na upepo ukatoka nchi kavu kwenda majini. Jua likichomoza unanyong'onyea. Saa tatu, saa nne, maji yamelala, milima ya Uvira inaonekana ng'ambo kana kwamba ukinyoosha mkono utaigusa, na mwenye mashua anatoka, anakaa, anatokwa jasho, anaapa kwamba angekuwa na tanga kubwa zaidi. Anarudi nyumbani kula. Kumbe bonde la Ruzizi limeshaanza kupata moto, hewa juu yake inapanda, na ziwa linaanza kupuliza kutoka kusini kuja kujaza nafasi. Kufika saa saba au nane mchana upepo umeshika njia. Na kuanzia Mei hadi Septemba, kiangazi chote, upepo huo wa kila siku unapata nguvu ya ule mkubwa wa kusini mashariki, ndugu wa kusi inayojulikana pwani, unaopanda na ziwa kutoka Zambia.

Nguvu ya upepo huo si hadithi ya barazani. Mradi wa utafiti wa Ziwa Tanganyika ulioendeshwa na FAO kwa fedha za Finland tangu 1992 uliweka vituo vya kupima upepo Bujumbura, Kigoma na Mpulungu. Wanasayansi wameeleza vizuri kinachotokea kiangazi: upepo wa kusini husukuma maji ya juu, yenye joto, kuja kaskazini, yakarundikana upande wetu, huku kusini maji baridi ya chini yakipanda kuziba pengo. Upepo unapolegea, tabaka zile hurudi na kuyumba kwa wiki kadhaa. Ziwa hili lina urefu wa kilomita 670 na ushei, na kina kinachofika mita 1,470. Upepo unaoweza kuinamisha tabaka za maji ya ziwa la namna hiyo hauwezi kuitwa mdogo kwa sababu tu mtu alitoka saa nne akaukosa.

Tena unakuja na mawimbi yake. Anayekaa Kigoma au Kalemie ana ziwa pande mbili. Sisi tumekaa kichwani kabisa, na wimbi la kusini linafika kwetu likiwa limekusanya nguvu njia nzima. Muulize mvuvi wa ndagala kwa nini Julai kuna siku hatoki. Hatakwambia habari ya ukosefu wa upepo.

Msimu wa mvua nao una tabia yake. Siku nyingi ni shwari kweli, nakubali. Lakini wingu linapojikusanya juu ya milima alasiri na kuteremka, upepo hauji kwa kubisha hodi. Unapofika na mvua, unafika wote kwa pamoja. Na hapa hesabu haina huruma: upepo ukipanda kutoka kilomita 15 hadi 30 kwa saa, msukumo kwenye tanga haupandi mara mbili, unapanda mara nne. Mwenye mita za mraba 21 mbele ya mlingoti, mke na watoto wawili sitahani, ana dakika chache mno za kuamua. Kwa hiyo tanga lake linamfaa pale tu ambapo hakuna cha kuogopa, yaani saa zile ambazo, kwa maneno yake mwenyewe, mashua haiendi popote.

Lakini hoja yangu kubwa haihusu nguvu ya upepo. Inahusu unakotoka. Tazama ramani. Bujumbura iko ncha ya kaskazini mashariki ya ziwa. Kaskazini yetu kuna mdomo wa Ruzizi na viboko wake. Hakuna bandari ya kwendea huko. Magharibi kuna Uvira, mwendo wa asubuhi moja, na mpaka wa nchi nyingine. Safari yoyote ya maana ni ya kusini: mnara wa Livingstone na Stanley pale Mugere, Rumonge, Nyanza-Lac, na mwenye moyo na hati zake, Kigoma. Sasa unganisha na yaliyotangulia. Upepo wa mchana unatoka kusini. Maana yake ni kwamba mashua ya Bujumbura inaianza kila safari ya mchana ikiwa na upepo wa omo. Ukiacha Uvira, sijui mji mwingine wa ziwa hili ambao umefungwa hivyo na jiografia yake. Mtu wa Kigoma anaweza kuchagua aende juu au chini. Sisi kutoka ni kubisha, kurudi ni kusukumwa.

Na jenoa kubwa ni mbovu kwa vyote viwili. Unapobisha, mashua inahitaji kuukaribia upepo kadiri inavyoweza. Foki inayoishia mlingotini inaweza kuvutwa ndani, kamba yake ikapita upande wa ndani wa waya zinazoshikilia mlingoti. Jenoa ya 150 haiwezi. Lazima izunguke nje ya waya hizo, na upana wa waya ndio unaoamua pembe yako. Kwenye mashua zenye waya zilizofungwa ukingoni kabisa mwa sitaha, kupoteza digrii tano ni jambo la kawaida. Digrii tano zinasikika chache. Tuzihesabu. Chukua Rumonge kuwa kilomita 70 kwa maji, upepo ukitoka huko huko. Anayeweza kwenda digrii 45 kutoka kwenye upepo ataifikia kwa kukata kilomita 99. Wa digrii 50 atakata 109. Umempa mwenzako kilomita kumi bure kabla hujazungumzia mwendo, na mashua yako yenye kitambaa kingi imeinama zaidi, usukani unakuvuta mkono, na mkuku unateleza kando badala ya kushika maji.

Watetezi hujibu kwamba ule mwanya kati ya jenoa na tanga kuu unakamua upepo na kuuongeza kasi, kwa hiyo kadiri jenoa inavyovuka ndivyo faida inavyozidi. Maelezo haya yalikuwa kwenye vitabu vya zamani na bado yanarudiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mhandisi wa ndege wa Marekani, Arvel Gentry, aliyapindua: alionyesha kwamba hewa ndani ya mwanya ule haiongezeki kasi namna hiyo, na kwamba tanga la mbele linafaidika kwa sababu tanga kuu lililo nyuma yake linaugeuza upepo na kuulisha. Faida hiyo foki nayo inaipata. Na upepo ukikaza, jenoa inayovuka sana hutupa hewa chafu mgongoni mwa tanga kuu mpaka likaanza kupwaya, na nahodha akalilaumu tanga lisilo na kosa.

Na kurudi? Kurudi upepo uko tezini. Tanga la mbele linajificha nyuma ya tanga kuu, linapigapiga, linalegea. Huwezi kulitumia ila ulisimamishe kwa mti upande wa pili, na ukiwa na mti, au spi, lile tanga la puto la upepo wa tezi, ukubwa wa jenoa hauna tena sifa ya pekee. Kwa hiyo niambie: kati ya Bujumbura na Rumonge, kwenda na kurudi, jenoa ya 150 ilikuwa na kazi gani?

Hoja ya pili ni hewa nyepesi. Hii huwapumbaza wengi kwa sababu ina chembe ya fizikia. Ziwa liko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo hewa hupungua uzito kama asilimia 8 ikilinganishwa na hewa ya baharini ya joto lile lile. Kweli tupu. Lakini maana yake ni ipi? Upepo wa kilomita 20 kwa saa hapa unasukuma kama upepo wa kilomita 19 na kidogo pale Dar es Salaam. Tofauti haifiki kilomita moja kwa saa. Hakuna nahodha duniani anayeweza kuihisi shavuni. Tuseme hata hivyo unataka kuilipia yote, na kuilipia kwa tanga la mbele peke yake. Rudi kwenye mashua yetu ya mfano, yenye tanga kuu la mita za mraba 15 na tanga la mbele la 15. Asilimia 8 ya 30 ni mita mbili na nusu kasoro kidogo. Ziongeze kwenye tanga la mbele na utajikuta kwenye asilimia 128 au pungufu. Jenoa ya 150 inakuongezea mita tano na nusu. Umeenda dukani na deni la elfu mbili na nusu kasoro, umelipa tano na nusu, na chenji hukupewa. Isitoshe, hewa nyepesi inakuonea huruma upepo unapokuwa mkali, kwa hiyo kuna siku deni hilo halipo kabisa.

Ya tatu ni mafuta. Hapa nawaheshimu, kwa sababu shida wanayoisema ni ya kweli. Foleni kwenye vituo vya mafuta zimekuwa sehemu ya maisha ya mji huu miaka hii, na mtu aliyekesha na gari lake hataki kusikia habari ya injini ya mashua. Anataka tanga litakalomtoa shwarini. Namuunga mkono kwa moyo wote. Ila jenoa ya 150 iliyoshonwa kwa kitambaa kizito cha kutosha kuhimili alasiri ya Agosti haitamtoa shwarini. Upepo ukiwa wa kilomita tano kwa saa, kitambaa hicho hakisimami. Kinaning'inia kwa uzito wake. Kinachomfaa ni tanga jepesi la upepo mwanana, la nailoni au kitambaa chembamba, kubwa hata kuliko jenoa yenyewe, linalopandishwa kwa kamba yake mbele ya waya, likafanya kazi kutoka alfajiri upepo wa milimani ukiwa bado hai, likashushwa na kuingia mfukoni kusi ikianza kujitangaza. Upepo wa asubuhi unatoka nchi kavu na unakwenda upande unaokufaa. Anayeondoka saa kumi na moja alfajiri na tanga hilo atakuwa ameipita Kabezi huku mwenye jenoa anakunywa chai akisubiri upepo. Kwa hiyo hoja ya mafuta ni nzuri sana. Inatetea tanga la pili.

Fedha ya matanga mawili itoke wapi? Nimeulizwa swali hili kwa sauti ya ukali. Foki ya mita 15 haitumii kitambaa cha jenoa ya mita 21, wala haihitaji winchi za ukubwa ule, wala kamba nene zile. Jenoa iliyokunjwa omoni mwaka mzima inapikwa na jua, digrii tatu na nusu tu kutoka ikweta, hata ukiivika utepe wa kuikinga ukingoni. Tanga jepesi, kwa kuwa hutumika saa chache na kulala mfukoni, linaishi miaka mingi hata likinunuliwa la mitumba. Na dola zinavyopatikana kwa shida Burundi, kuagiza tanga kubwa lisilofaa ni kulipia kosa kwa fedha za kigeni. Nunua foki kwanza. Jepesi litafuata.

Inabaki hoja ya nne, ya mtambo wa kukunjia, na hii ndiyo inayonikera kuliko zote kwa sababu inauzwa kama busara ya mtu mwangalifu: chukua kubwa, utalipunguza ukitaka. Tanga lina tumbo lililokatwa na kushonwa kwa hesabu, kina chake kikiwa mahali maalumu nyuma ya ukingo wa mbele. Ukilizungusha kwenye waya, katikati linabaki na uvimbe na juu na chini linakaza. Ukingo wa mbele, ambao ndio unaoupasua upepo, unageuka kuwa gogo nene la vitambaa lenye sura ya mkeka uliokunjwa na mtu mwenye haraka. Kona ya demani inapanda na kwenda mbele, kwa hiyo roda ya kamba lazima nayo isogezwe, jambo ambalo hakuna anayelikumbuka mvua ikinyesha. Utepe wa sponji unaoshonwa ukingoni husaidia kidogo. Ukikunja zaidi ya theluthi, umbo limekwisha. Sasa, kutoka 150 hadi 100 ni theluthi kamili. Yaani siku upepo unapokuwa wa kufurahia, siku ambayo mashua ilitengenezwa kwa ajili yake, mwenye jenoa anabisha kwenda kusini na tanga lililoharibika, na mwenye foki anabisha na tanga zima lililoshonwa kwa upepo huo.

Wazee wa jahazi hawakuwa na udhaifu huu. Tanga lao la foromali halikunjiki njiani, kwa hiyo nahodha wa Lamu au Unguja alibeba matanga ya ukubwa mbalimbali. Upepo ukibadilika tabia, foromali ilishushwa, kubwa likafunguliwa, dogo likafungwa, jarari ikavutwa upya. Ni kazi ngumu, yenye jasho, ya watu wengi. Waliifanya kwa sababu walijua tanga moja halitoshi misimu miwili. Wafanyabiashara Waswahili waliohamia Ujiji na kuvuka ziwa hili katika karne ya 19 walikuja na maarifa hayo, na wajukuu wa ulimwengu ule wamejaa Buyenzi. Inashangaza kwamba sisi, wenye kamba nyepesi na sitaha kavu, tumekuwa wavivu kuliko wao kisha tukaita uvivu huo teknolojia.

Kuna na mambo ambayo hayaingii kwenye hesabu lakini yanaingia kwenye maji. Jenoa kubwa hushuka mpaka sitahani na kufunika upande wote wa demani. Nahodha anaona nusu ya ziwa. Nusu asiyoiona ina mitumbwi ya wavuvi iliyofungwa miwili miwili, nyavu zake, mtu mmoja aliyelala ndani baada ya kukesha na taa. Ina viboko, ambao kwenye klabu ya Cercle Nautique na mdomoni mwa Ruzizi si wageni. Na tangu maji yalipopanda miaka ya 2020 hadi 2024 yakameza fukwe na nyumba za Gatumba, mwambao wenyewe haupo pale ulipokuwa. Kusafiri humo na pazia mbele ya macho ni ujasiri usio na faida.

Wa mbio watasema nimewasahau. Sijawasahau. Kwenye mbio fupi za maboya, asubuhi, upepo mwororo, jenoa kubwa itamtangulia mwenye foki, na sitabishana na saa. Lakini upepo ukipata nguvu na maboya yakiwa karibu karibu, kila ukigeuza mashua kitambaa chote kile lazima kikokotwe kuuzunguka mlingoti, mtu mmoja akikimbilia mbele kukisukuma na mwingine akizungusha winchi mpaka mishipa ya shingo imtoke. Foki inageuka kwa mikono miwili. Sehemu nyingi Marekani, chini ya PHRF, utaratibu wa kusawazisha mashua za mbio, jenoa ya 155 ndiyo kipimo cha juu cha kawaida, na anayeshindana na tanga dogo zaidi hupewa nafuu ya sekunde kwa kila maili. Huku mara nyingi mwenye foki hapewi hata pole, kisha matokeo ya Jumapili yanatumiwa kuthibitisha kwamba jenoa ni bora.

Ninachowaomba waandaaji wa mbio ni mawili. Toeni nafuu hiyo ya sekunde, ili mtu asilazimike kununua mita sita za kitambaa kwa hofu ya kushindwa asubuhi moja. Na wekeni walau shindano moja kwa mwaka lisilo la maboya: Julai, kutoka bandarini Bujumbura hadi Rumonge na kurudi, injini zikiwa zimefungwa kwa lakiri. Wenye mashua za tanga kuu kubwa waje na asilimia 100 hadi 110, wa mashua za zamani waje na 125, na mwenye 150 yake naye anakaribishwa. Nitawasubiri gatini Rumonge na daftari la saa.